Ngazi ya Bwana Raha

Ofisini kwao, idara ya mipango, walimpachika jina la Bwana Raha, kwa dhihaka tu, maana uso wake ulikuwa wa mtu anayebanwa na viatu. Ndiye aliyerudi kutoka masomoni na wazo la kupima furaha. Wananchi waulizwe wenyewe maisha yao yakoje, na mtaa utakaoonekana na dhiki kuliko yote ndio upelekewe bomba jipya la maji.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Karani anachora ngazi ya vipandio kumi, juu maisha mazuri kabisa, chini mabaya kabisa, kisha anauliza: wewe umesimama wapi? Bwana Raha aliwasisitizia makarani wasalimie vizuri, wakishapata namba waage, wasiwachoshe watu. Agizo hilo alilionea fahari kama mtu aliyegundua moto.

Majibu yaliporudi, mtaa wa kilimani, wanakopandisha maji kichwani kutoka bondeni, uliongoza kwa furaha. Wa mwisho ukawa mtaa wa maofisa, wenye bomba kila nyumba. Anakaa huko Bwana Raha mwenyewe, na siku ya kuulizwa alijiweka kipandio cha tatu kwa sababu mwenzake alikuwa amepewa maegesho yenye kivuli. Bomba jipya likapangwa kuelekea kwake. Mtaalamu mzima!

Kilimani ndiko alikokuwa akiishi shangazi yake, aliyemlea. Jumamosi akamfuata, roho haijatulia, akamkuta ndiyo kwanza anatua dumu.

"Shikamoo, shangazi. Habari za hapa?"

"Marahaba, baba. Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Akachora ngazi mchangani, kitaalamu kabisa. "Wewe umesimama wapi hapa?"

"Hapo pa nane, mwanangu."

Moyo wake ukatulia. Kumbe kipimo kiko sawa! Akajifuta mikono, tayari kuaga.

"Ila mgongo ndio huu unaouona," shangazi akaendelea. "Na jirani yangu kateleza na dumu, mguu umevunjika, sasa namchotea na yeye. Mvua ikinyesha njia haipitiki, tunalala na kiu."

Bwana Raha akabaki ameinama. "Mbona hukumwambia yule binti wa ngazi?"

"Si aliniuliza hali, nikamjibu? Mtoto wa watu kaja na jua lote lile, nimpokee kwa shida? Nilipofika kwenye 'ila' alikuwa kashaaga. Tena kwa adabu, nilimpenda."

Aibu ilimshika. Tangu utotoni alijua mtu huanza na 'nzuri', shida zikafuata baadaye. Yeye mwenyewe ndivyo alivyosalimia maisha yake yote. Halafu akaenda kusoma mbali ili arudi kuwafundisha watu kuondoka kabla ya baadaye. Kwa kujikosha akashuka bondeni kuchota dumu moja. Nusu ya maji yaliishia viatuni, na shangazi akacheka hadi akashika mbavu, akasahau kidogo na mgongo wake.

Jumatatu mkurugenzi alimwita. Mpango wa bomba ulikuwa mezani, unasubiri sahihi.

"Kazi safi sana. Nimependekeza ripoti yako ukaisome mbele ya waziri. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mkuu."

Mkurugenzi akafungua kalamu. Akilini Bwana Raha alimwona waziri, makofi, pengine na maegesho yenye kivuli. Akayatamani yote, kweli kabisa. Halafu akauona ule mgongo.

"Ila kipimo changu kina kasoro, mkuu. Yule anayelia dhiki mtaa wa maofisa ni mimi, na bomba langu linatoka maji usiku na mchana. Huko kilimani tuliondoka watu hawajamaliza kujibu."

Mkurugenzi alitazama saa, akainuka kumpa mkono. "Sawa, sawa. Tutaongea siku nyingine. Wasalimie nyumbani."

Bwana Raha akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Bado sijamaliza, mkuu."