Madai Manane ya Eunike

Eunike hakuwa mtu wa kungoja. Katika karakana yake pale Njoro, geti likiagizwa Jumatatu, Alhamisi limeshapakwa rangi. Kwa hiyo wakili wake, Ebenezeri, alipomwambia kwamba ombi lao la hataza, yaani haki ya uvumbuzi, katika nchi jirani lingekaa kwenye foleni miaka mitatu zaidi kabla ya kusomwa, alitupa glovu mezani.

"Miaka mitatu! Wenzetu wanataka kuiunda mashine msimu ujao."

Mashine yenyewe ilikuwa ya kumenya kahawa mbivu. Ilikuwa na ngoma iliyovikwa mpira, na mbele yake bamba lililoshikiliwa na springi, likisogea lenyewe ili punje kubwa na ndogo zimenywe pamoja bila kukwaruzwa. Tanzania ilikuwa imeshampa Eunike hataza. Kiwanda kimoja ng'ambo ya mpaka kilitaka kuiunda kwa ajili ya wakulima wa huko, lakini hakikuwa tayari kusaini mpaka haki yake itambuliwe kwao pia.

"Njia ipo, dada Eunike," Ebenezeri alisema. "Ofisi hizi mbili zimekubaliana kusaidiana. Iliyotangulia kuchunguza inaipa ya pili ripoti, nayo haianzi upya. Ombi linatolewa kwenye foleni na kusomwa mapema. Ila madai yetu, yale tunayodai kuwa ni uvumbuzi wetu, lazima yafanane na yaliyokubaliwa hapa. Kule tuliandika kumi. Hapa yalipita manane."

Mawili yaliyokataliwa yalihusu namna mashine inavyochuja maji yake na kuyatumia tena. Mchunguzi wa hapa alikuta michoro ya zamani yenye jambo lilelile. Eunike hakuwa ameiona. Yeye aliumiza kichwa miezi saba hadi akapata jibu. Kuyafuta madai hayo kwa mkono wake mwenyewe kulimuuma.

Kesho yake alipanda hadi kijiji cha Uru, kwa mzee Kastori, ambaye ndiye aliyekuwa na mashine ya kwanza kihambani kwake, kwenye shamba la kahawa na migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuikagua mashine au kunikagua mimi?"

Alimweleza yote. Kastori alimwaga ndoo ya kahawa mbivu, akazungusha mkono wa mashine, kisha akachota konzi ya punje zilizotoka na kuzitandaza kiganjani. Hakuna hata moja iliyokwaruzwa.

"Maji hata mimi nilikuwa nayarudisha kwa ndoo," alisema. "Mashine ya kumenya bila kukwaruza punje ndiyo sijapata kuiona popote."

Eunike alimpigia Ebenezeri palepale migombani. "Futa yale mawili. Peleka manane."

Wiki ya sita baada ya hapo ikaja barua. Mchunguzi wa kule, mama mmoja aitwaye Priska, alikuwa ameisoma ripoti ya Tanzania lakini hakuimeza nzima. Aliuliza: mpira ukilika, si pengo kati yake na bamba litapanuka, punje zipite bila kumenywa?

Ebenezeri aliingiwa na wasiwasi. Eunike akatabasamu.

"Hili ni swali la fundi. Huyu tutaelewana."

Alirudi Uru, akafungua ngoma iliyofanya kazi misimu miwili, akapima mpira uliolika, akapima na pengo. Mpira ulikuwa umepungua milimita mbili. Pengo lilikuwa vilevile, kwa sababu springi zilikuwa zimelisukuma bamba kuufuata mpira. Akamwagiza Ebenezeri aandike vipimo vyote. "Na mwonyeshe mchoro wa tatu wa ombi letu. Jambo hilo limo tangu siku tuliyoomba."

Mwezi wa nne tangu waombe kuharakishiwa, hataza ya kule ikatoka.

Siku kumi baadaye mafundi wawili wa kile kiwanda walisimama mlangoni mwa karakana, wakiwa bado na vumbi la safari. Mkubwa wao, Julius, alianza salamu ndefu ya kiofisi. Eunike alimkatiza kwa upole, akawapa kila mmoja miwani ya kazi.

"Karibuni. Tutaongea huku tukikata mpira wa ngoma."