Mlango wa Kulia

Siku ya tatu Mwalimu alilirudisha gari. Koleo aliliona likikata kona kuingia getini, na kibao cha shule ya udereva juu ya paa, akatabasamu peke yake. Alidhani amekuja kushukuru.

"Sauti imekonda," alisema Mwalimu kabla hata hajazima injini. "Maneno ya nyimbo nayasikia, lakini besi hakuna kabisa. Afadhali zile spika za kiwandani."

Afadhali za kiwandani. Koleo alihisi kama amezabwa kofi. Jumatatu alikuwa amezitoa kwa mikono yake mwenyewe hizo za kiwandani, koni ya karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu, na sumaku ndogo ya kuchekesha. Watu wanakuuzia gari kwa bei ya nyumba, mlangoni wanakuwekea kitu kama hicho, halafu wanakifunika kwa wavu mzuri ili usiulize maswali. Mwalimu, ambaye hushinda kutwa ndani ya gari hilo akiwafundisha watu kubadili gia, alikuwa amechoka kusikiliza muziki uliopigwa kama ndani ya kopo. Koleo alimshauri asihangaike na redio mpya, wala asikubali lile sanduku kubwa la kuweka kwenye buti ambalo Mjomba hupenda kumbambikia kila mteja. Abadilishe spika mbili za mbele tu, za bei ya kawaida, matundu ya milango yazibwe, na sponji izungushwe kwenye spika ili hewa isivuje. Basi. Na alipomaliza waliketi ndani wakasikiliza pamoja, Mwalimu akapiga usukani kwa furaha.

Karakana ilikuwa ya Mjomba, kaka wa mama yake Koleo, na hata wateja walimwita Mjomba. Koleo lilikuwa jina la utani tu la binti huyo, kwa sababu ya koleo lisilokosekana kwenye mfuko wa nyuma wa suruali yake. Alikuwa na miaka minne pale, na mbele za watu alikuwa bado "msaidizi wangu". Ila safari hii Mjomba alikuwa ameahidi, tena mbele ya mama mtu: Mwalimu akiridhika na gari hili, mengine matano ya shule yake atayafunga spika Koleo, na ataitwa fundi. Gari hili ndilo lilikuwa mtihani.

Mjomba alitoka ofisini akijifuta mikono iliyokuwa safi.

"Utuwie radhi, Mwalimu. Msaidizi wangu bado hajaiva. Haraka nyingi, kusikia hataki."

"Jumatatu besi ilikuwepo, Mjomba," Koleo alisema. "Mwalimu mwenyewe aliisikia." Akamgeukia Mwalimu amuunge mkono. Mwalimu akajitia hamnazo, akawa anafuta kioo cha saa yake kwa kidole gumba.

Koleo hakubishana. Alichukua bisibisi akafungua mlango wa kushoto. Kila kitu kilikuwa kama alivyokiacha, nyaya zimeunganishwa kwa risasi ya kuchomea, kila kiungo kimevishwa mpira wake. Akahamia mlango wa kulia, akang'oa ubao wake. Nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu nyeusi, mizunguko kwa mizunguko, mfano wa kidonda kilichofungwa bandeji. Pale karakana mtu wa kufunga hivyo alikuwa mmoja.

Alielewa yote kwa mpigo. Jumatatu ileile walikuwa wamebishana. Mjomba anashikilia kwamba waya wenye mstari ni hasi, ndivyo alivyofundishwa ujanani na ndivyo itakavyokuwa mpaka kiama. Koleo alimwonyesha kwamba gari hili ni kinyume, wenye mstari ndio chanya. Mjomba alicheka, akasema magari hayafundishwi na watoto. Baadaye, muziki ukishasikilizwa, Koleo alipotoka kwenda kununua gundi ya kumalizia, Mjomba akafungua mlango akamsahihisha. Wa kushoto hakuuwahi. Na spika mbili lazima zisukume hewa kwa pamoja. Ukigeuza nyaya za moja, hii inasukuma na ile inavuta, besi inafia katikati.

Angeweza kunyamaza. Kugeuza nyaya ni kazi ya dakika tano, mteja aende zake, mama asipigiwe simu. Aliwaza hivyo, kweli aliwaza. Lakini lile neno la kutoiva lilikuwa limesemwa mbele ya mteja.

Akachomoa betri ya tochi na kumwita Mwalimu. "Tazama koni," alisema, akaigusisha betri kwenye nyaya za kushoto. Koni ikaruka nje. Akafanya vilevile kulia. Koni ikazama ndani.

"Huu umegeuzwa. Mjomba, tepu hii nani kafunga?"

"Tepu ni ya karakana."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza nani kafunga."

"Gari umelifunga wewe." Mjomba hakupepesa hata jicho. "Na usinivunjie heshima mbele ya mgeni. Mama yako hakukulea hivyo."

Koleo akaiinua tena ile betri. Mwalimu akamshika bega. "Binti yangu, basi. Mtu mzima akishasema umekosea, kubali. Omba radhi yaishe, mimi sina neno."

Akaomba radhi. Mpaka leo hajui ile sauti aliitoa wapi. Kisha akainama akakata ile tepu, akageuza nyaya, akachomea upya, akaunguza kidole, akaendelea. Mwalimu alipowasha redio, besi ilijaa gari zima. Alipiga usukani kama siku ile, akashuka, akampa Mjomba mkono kwa mikono miwili.

"Mjomba, wewe ni wewe tu."

Mjomba alizipokea hizo sifa bila haya. "Hayo matano ulete Jumatatu. Nitayafunga mwenyewe, usiwe na wasiwasi."

Gari lilisimama getini kusubiri magari ya barabarani yapungue. Koleo alilikimbilia, akagonga kioo.

"Mwalimu, ule mlango sikuufunga vile mimi. Nataka ujue tu."

"Najua," Mwalimu alisema. "Jumatatu nilikuwa pale kwenye benchi. Nilimwona akiufungua ulipotoka."

Koleo alikuwa amejiandaa kumchukia mtu mmoja. "Ulimwona. Ukaniambia niombe radhi."

"Sasa ningefanyaje? Mtu mzima yule, ningemwaibishaje kwenye karakana yake mwenyewe?" Alisema kwa upole wa dhati, na upole huo ndio uliomchoma Koleo zaidi. "Wewe bado kijana. Utasahau."

"Lakini mimi uliweza kuniaibisha," Koleo alisema. "Mimi hukupata shida."

Barabara ilikuwa tayari wazi, gari la nyuma likapiga honi, na Mwalimu hakuondoka. Alinyoosha mkono akazima redio.

"Hayo matano ukiyaleta, kaa tena kwenye benchi utazame vizuri," alisema Koleo. "Yatafungwa vilevile, na hapatakuwa na mtu wa kukuomba radhi."

Akamwacha pale, akaingia ndani kukusanya vifaa vyake.