Marehemu Alihudhuria Siku Zote Nne

Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi, katibu muhtasi wa idara ya mipango miji alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya mbele ya ukumbi wa warsha akitafuta soketi inayofanya kazi ya kuchomekea projekta. Alipoinuka na kukung'uta sketi, alimkuta fundi cherehani wa mtaa wa bondeni ameshakaa kiti cha pili kutoka dirishani, mkoba mapajani, maji yakimchuruzika kutoka kwenye pindo la gauni. Fundi alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita.

"Shikamoo, mama. Umewahi sana."

"Marahaba, mwanangu. Barua imesema saa mbili."

"Tunaandika saa mbili ili wafike saa tatu na nusu. Njoo usaini basi."

Barua ya mwaliko ilikuwa halali. Iliandikwa kwa jina lake kamili kwa sababu orodha ya wadau wa jamii haikuwahi kupitiwa upya tangu ilipochapwa, na kumwondoa mtu humo kulihitaji kikao, na kikao kilihitaji akidi. Binti yake ndiye aliyeipokea mlangoni. Aliiweka juu ya cherehani, mahali alipozoea kuweka barua za mama yake, na asubuhi ya warsha akakuta barua haipo, gauni la buluu halipo kwenye msumari, na sakafu imelowa kuanzia kabatini mpaka nje. Akachukua tambara akafuta, kisha akamwandaa mtoto aende shule.

Fomu ya mahudhurio ilikuwa na safu ya namba ya kitambulisho. Fundi alisema kitambulisho chake kilirudishwa serikalini alipokufa.

"Andika 'kinashughulikiwa'," katibu muhtasi alimwambia. "Nusu yao wanaandika hivyo hivyo."

Warsha ilihusu ushirikishwaji wa jamii katika upangaji wa mitaa, ilikuwa ya siku nne, na ilitoa alama kumi na mbili. Alama hizo ndizo zilizowaleta watu. Bodi yao ya taaluma ilikuwa imeamua kwamba mpangaji miji asiyejifunza kila mwaka hafai kuhuishiwa leseni, jambo zuri kabisa, nao wapangaji miji wakaligeuza upesi kuwa jambo la kukaa. Aliyekaa siku nne alihesabiwa kuwa amejifunza siku nne. Walikuwepo waliojifunza hivyo kwa miaka ishirini bila kupata madhara yoyote.

Bingwa wao wa kukaa alikuwa afisa mipango mwandamizi ambaye ofisi nzima ilimwita Bwana Vyeti, naye akalichukua jina hilo kuwa ni sifa. Ofisini kwake kulikuwa na vyeti thelathini na kimoja ukutani, vyote kwenye fremu, na rafu ya mafaili ilibidi ihamishiwe koridoni ili vipate nafasi. Faili la daraja la waenda kwa miguu la mtaa wa bondeni halikuwa koridoni. Lilikuwa kwenye droo yake ya chini, limekamilika, lina michoro, lina barua ya wakazi ambayo mtu wa kwanza kuisaini alikuwa fundi cherehani, lina kikaratasi cha njano chenye mshale unaoelekea mahali pa sahihi yake. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu humo. Siku ambayo mtaro wa bondeni ulifurika na fundi akachukuliwa na maji, sare za shule za wateja wake zikiwa mkononi, Bwana Vyeti alikuwa kwenye semina ya usalama wa waenda kwa miguu mijini. Alipata alama nne. Baadaye alikwenda mazikoni kuiwakilisha idara, akazungumza vizuri, akasema daraja ni kipaumbele.

Sasa aliingia saa nne kasoro dakika ishirini, akamwona fundi, akampa mkono.

"Mama yangu! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Daraja vipi?"

"Tuko pazuri, mama. Tuko pazuri sana." Akafuta kiganja kwenye suruali, akaenda kukaa karibu na chai.

Mwezeshaji alitoka mbali na alipenda kuzungumza huku akitembea. Alimtaka kila mmoja aseme jina, cheo na matarajio yake. Watu walitarajia kujengewa uwezo. Walitarajia kubadilishana uzoefu. Mmoja alitarajia kubadilishana uwezo na kujengewa uzoefu, akapigiwa makofi. Zamu ya fundi ilipofika, alisimama, na zulia likatoa sauti ya kukamuliwa chini ya viatu vyake.

"Mimi ni fundi cherehani. Nilikufa kwenye mtaro. Nimekuja kwa ajili ya daraja."

"Asante sana kwa kutushirikisha," mwezeshaji alisema. Aliandika DARAJA kwenye kikaratasi cha waridi, akakibandika kwenye karatasi kubwa ukutani yenye kichwa cha HOJA ZA BAADAYE. Mpaka jioni karatasi hiyo ilikuwa na hoja mbili. Ya pili iliuliza kama kesho kutakuwa na mtandao.

Jumanne walichora mti wa matatizo. Kwenye mizizi huandikwa visababishi, kwenye shina tatizo lenyewe, na kwenye matawi matokeo yake. Fundi aliwekwa kundi moja na Bwana Vyeti na wengine watatu, na ubishi ukazuka, maana hawakukubaliana kifo chake kikae wapi. Mmoja alikiona kuwa ndilo tatizo. Bwana Vyeti, ambaye alikuwa na kozi mbili za mti wa matatizo, alisema hapana, kifo siku zote ni tokeo, kinakaa tawini.

"Na sahihi inakaa wapi?" fundi akauliza.

"Sahihi ipi, mama?"

"Yako."

"Sahihi haikai kwenye mti. Sahihi ni mchakato." Akachukua kalamu ya kijani akaandika KIFO kwenye tawi, kwa mwandiko mzuri, akalichorea na majani mawili.

Fundi alilitazama tawi lake. Alikuwa mwanamke aliyezoea wateja wanaosema kiuno ni inchi ishirini na nane huku tepu ikisema thelathini na nne, kwa hiyo alijua namna ya kunyamaza bila kukubali.

Jumatano ilikuwa siku ya kwenda uwandani. Basi la idara liliwashusha saa nne juu ya mtaa wa bondeni, washiriki ishirini na wawili, vizibao vya njano vifuani, mabuti mapya miguuni. Wengi wao walikuwa wameupanga mtaa huo mara mbili au tatu na hii ndiyo mara ya kwanza kuukanyaga. Fundi alitangulia. Majirani walimsalimia. Mmoja alimuuliza habari za sketi aliyomwachia siku chache kabla hajafa, naye akajibu kwamba imeshapindwa, amfuate binti yake akaichukue.

Mtaro ulikuwa mpana kuliko ulivyochorwa. Juu yake palikuwa na mbao mbili zilizofungwa kwa waya. Darasa la kwanza lilikuwa ndiyo kwanza linatoka, na mjukuu wa fundi, msichana wa miaka saba, alivuka akiwa amepanua mikono, mkoba ukimpiga mgongoni, wakati mama yake akimngoja upande wa pili. Wapangaji miji waliinua simu. Mwezeshaji alimwomba mtoto arudi avuke tena, kwani jua lilikuwa limeingia kwenye picha.

"Havuki tena," fundi alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, lakini simu zote zilishuka.

Binti yake alimjua Bwana Vyeti kwa kisogo, akamzunguka mpaka wakatazamana.

"Wewe ndiye uliyesema pale mazikoni kwamba daraja ni kipaumbele."

"Ndiyo mimi, dada. Na tena pole sana."

"Mvua zimebakiza wiki tatu. Hizi mbao tunafunga wenyewe na kila mwaka zinaondoka. Faili lina tatizo gani?"

"Faili halina tatizo."

"Sasa kama halina tatizo?"

"Mambo haya yana hatua zake. Leo tumekuja kujifunza."

"Miaka mitatu mnajifunza mtaro? Mtaro si ndiyo huu? Una upande huu na upande ule. Umebaki nini cha kujifunza?"

Bwana Vyeti alitazama saa. Mwezeshaji, aliyesimama karibu, aliandika kwenye daftari lake kwamba jamii ina mwamko mkubwa. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya mjukuu wake, akimpangusa pua kwa ncha ya gauni.

"Bibi, una baridi."

"Najua."

"Utalala nyumbani leo?"

"Leo nina warsha," fundi akasema, akamfunga kifungo cha shati ambacho hakikuwa kimefunguka.

Alhamisi asubuhi kila kundi liliambiwa lipendekeze suluhisho moja kwa vifaa rahisi. Wengine walichora mishale. Fundi alitoa mkobani tepu, chaki na karatasi ya kaki, akaitandaza sakafuni, akakata daraja kama anavyokata gauni. Mtaro alikuwa ameshaupima kutokea chini, kwa kuwa alikuwa amekaa humo kuliko wote waliokuwemo ukumbini. Mita tisa na nusu. Aliacha ziada kila upande kama fundi anavyoacha nguo ya kupindia, sababu kingo zilikuwa zinamomonyoka. Alionyesha nguzo zisimame wapi, na mkono wa kushikia uwe wa kimo gani kwa mtoto wa darasa la kwanza. Wapangaji miji walimzunguka. Wawili walipiga hesabu kwenye simu zao, wakazipiga tena, hawakuona pa kumsahihisha. Mwezeshaji alimpa tisini na sita kwa mia, akaeleza kwamba nne huwa anazibakiza kwa ajili ya unyenyekevu.

Wenzake walipokwenda kula, fundi alikwenda jengo la idara. Alipita kwenye mlango wa Bwana Vyeti ukiwa umefungwa kwa kufuli, akatia mkono kwenye droo ya chini bila kuivuta, akarudi na faili. Bwana Vyeti alikuwa amekaa anajaza fomu ya tathmini ya warsha. Fundi aliliweka faili mbele yake, akalifungua kwenye ukurasa wenye mshale.

"Saini hapa, mwanangu."

Wenzake walikuwa wamesharudi kutoka kula, wakasogea kutazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari. Bwana Vyeti alisoma ukurasa wote, akaurudia, akafunua wa nyuma yake. Wakati mmoja kalamu ilishuka mpaka karibu kabisa na karatasi. Halafu akauliza:

"Mama, hili faili limetokaje ofisini?"

"Nimelitoa kwenye droo yako."

"Limeandikwa masjala kwamba limetoka?"

"Hapana."

"Ndiyo hapo sasa." Alifunika kalamu. Alionekana kusikitika kweli. "Faili likitoka bila kuandikwa, linakuwa si faili tena. Halafu tazama, limelowa. Hili itabidi lirudi masjala, lifungwe, lifunguliwe jingine, tuanze upya."

Watu kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Walikuwa wamefundishwa hivyo mwaka uliopita, kwenye kozi ya utunzaji wa kumbukumbu.

"Itachukua muda gani?"

"Tukikimbizana nalo, miaka miwili."

Fundi alihisi kitu kilekile alichohisi siku ile mbao zilipomponyoka miguuni, ila safari hii hapakuwa na chini pa kufika. Alitazama nyuso zilizomzunguka, moja baada ya nyingine, akitafuta hata mmoja wa kuona aibu. Katibu muhtasi peke yake ndiye aliyeinamisha macho, na yeye hakuwa na mamlaka ya kusaini chochote isipokuwa risiti ya chai.

Saa tisa waligawiwa vyeti. Fundi alipanga foleni, akapokea chake, chenye alama kumi na mbili na jina lililokosewa herufi moja.

Mvua zilianza katika wiki ya tatu. Mbao ziliondoka siku ya pili. Mtoto alikaa nyumbani wiki saba, na mama yake akamfundisha kutoa na kujumlisha baina ya nguo moja na nyingine, mpaka mwalimu akatuma ujumbe kwamba darasa limefika mbali na mtoto afikiriwe kurudia mwaka.

Ndani ya wiki hizo bodi ya taaluma ilipitia matokeo na kukuta kwamba mshiriki aliyefanya vizuri kuliko wote ni marehemu. Iliona ni jambo la kutia moyo. Ikaandaa mafunzo mapya, ya alama kumi na tano, yenye mada ya kujifunza kutokana na uzoefu wa bondeni, ikamwomba fundi awe mwezeshaji. Faili lililolowa lingetumika kama mfano.

"Utakwenda, mama?" binti yake aliuliza. Fundi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, hataki kulowesha ndani.

"Nisipokwenda watatafuta mwingine. Na mwingine watampata wapi? Watamsubiri hapo mtaroni."

Binti yake aliingia ndani, akarudi na pasi, akaminya kola ya gauni la buluu mpaka ikatoa mvuke.

Mafunzo yalifanyika asubuhi ya mvua kubwa, watu arobaini ukumbini. Fundi alisimama mbele akawaeleza yote kwa mpangilio: upana wa mtaro, kina chake, wakazi walioandika barua, droo, siku, saa, sare ngapi za shule zilizokuwa mkononi mwake na zilikuwa za watoto wa nani. Hakupaza sauti, na hakuna aliyesinzia. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye swali.

Bwana Vyeti alinyoosha mkono kutoka safu ya mbele.

"Mwezeshaji, hiyo mita tisa na nusu itakuja kwenye mtihani?"

Fundi aliikunja tepu yake.

"Itakuja," akasema.

Wote arobaini wakainama, wakaandika.