Tumba Chini ya Kofia

Ma Pansok alikuwa na mke, binti, Yonju, aliyeolewa Incheon, pensheni ya posta na okidi moja. Ungemwuliza ana nini hapa duniani, angeanza na okidi, pensheni ingefuata, na mke angekumbukwa wakati wa chakula.

Mke huyo, Tak Bunnye, alijua kabisa hilo wala hakuwa na kinyongo. Wanaume wengine wa rika la mumewe pale Gwangju walikunywa pombe ya mchele toka asubuhi. Mume wake yeye alitazama majani. Tatizo ni kwamba majani yenyewe yalihitaji baridi.

Okidi ile Pansok aliichimba kwa mikono yake kwenye vilima vya Hampyeong, siku aliyotoka na wenzake wa chama cha wapenda okidi. Kwa macho ya Bunnye ilikuwa nyasi tu. Lakini mwaka uliopita ilitoa ua lenye wekundu hafifu, na wekundu kwenye okidi ya machipuko si mchezo, maana okidi nyingine zote mlimani huchanua kijani. Basi mzee akavimba kichwa. Akatangaza chamani kwamba safari hii litatoka jekundu la kuiva, na Mwenyekiti Pyo Gilnam, aliyezoea kushinda maonyesho ya kila mwezi wa tatu, atafyata mkia.

Sheria za nyumba zikabadilika. Tumba lilipochungulia kwenye changarawe za chungu, Pansok alilivika kofia ndogo ya karatasi ya fedha, kwa sababu mwanga ukilipiga mapema linarudia ukijani wake. Kofia haiguswi. Halafu chungu kikahamia roshani, dirisha la roshani likaachiwa upenyo wa upepo, na boila inayopasha sakafu ikashushwa mpaka sakafu ikawa haina tofauti na barabara. Eti joto la sebuleni linavuja.

"Okidi lazima ilale baridini kipupwe chote," alisema, kashika vijiti vyake vya kulia, kavaa koti zito mezani. "Ukiipasha moto kabla ya wakati, tumba linakauka. Mkulima wa okidi awe na moyo wa baridi."

"Moyo unao," Bunnye alisema. "Na miguu yangu imeshaufuata."

Hayo yote Bunnye angeyameza, kama si mama yake.

Mama yake, ambaye majirani wote walimwita Bibi wa Damyang kwa jina la kwao, aliteleza uani kwake mwanzoni mwa baridi akaumia nyonga, Bunnye akamchukua kwake kwa siku chache. Kumtunza ilikuwa kazi ya Taesu, kaka mkubwa wa Bunnye, kama ilivyo desturi. Taesu akapiga simu kutoka Seoul kwa sauti ya mtu anayeuza kitu: amepata nyumba nzuri sana ya kutunzia wazee, ina lifti, ina televisheni kubwa kama ukuta.

"Lifti ya kunipeleka wapi?" bibi aliuliza. Kisha akageuza uso, na Bunnye akaona mama yake analia. Hakuwa amemwona akilia tangu msiba wa baba.

Bunnye alimbembeleza mumewe siku nzima mama abaki kwao. Mwishoni Pansok akakubali, kwa shingo upande.

"Akae mpaka maonyesho yapite, halafu tutaongea. Lakini nakwambia kweli, Mama Yonju, akiligusa ua langu, hata kwa kidole, siku hiyo hiyo namwita Taesu aje na gari."

"Punguza sauti basi!"

"Mimi naongea kawaida."

Chumba cha pili, bibi alikuwa akimenya vitunguu saumu. Kisu kilinyamaza kidogo, kikaendelea.

Baridi ikakaza. Bunnye alimvisha mama yake soksi juu ya soksi, naye bibi hakulalamika hata mara moja, jambo ambalo lilimtia binti wasiwasi zaidi, kwani mwanamke huyu alikuwa amelalamika maisha yake yote kuhusu kila kitu, hata supu ya mwani ya siku yake ya kuzaliwa.

Siku moja ya mwezi wa kwanza Bunnye alirudi kutoka sokoni na samaki. Pansok alikuwa chamani. Sebuleni bibi alikuwa amekaa pale palipo na joto kidogo, bomba la boila linapoanzia, kajifunika blanketi magotini. Pembeni yake blanketi limefura. Bunnye akacheka. Zamani, kabla ya majiko ya umeme, hapo ndipo bakuli la wali lilipofichwa lisipoe, la mtoto wa kiume aliyechelewa kurudi.

"Mama, umemwekea nani wali? Taesu haji leo."

"Hamna kitu. Nenda kaoshe samaki."

Bunnye akafunua blanketi. Loo! Chungu cha okidi kimelala pale, majani yamekunjwa vizuri kama mtoto mchanga.

"Mama! Umeniua!"

"Kinasikia baridi," bibi alisema, macho kwenye ukuta. "Kila mtu anapita anakiangalia, hakuna anayekifunika."

"Baba Yonju akijua atamwita Taesu!"

"Basi usimwambie."

Bunnye alikikimbiza chungu roshani. Alipokiweka, akafanya jambo aliloapa hatalifanya. Alivua kofia. Ndani, tumba lilikuwa dogo, jeusi, limesinyaa kama punje ya pilipili manga. Halikuwa na uhai wowote. Akairudisha kofia polepole, akasimama kwenye upepo wa dirisha, akiwaza jinsi atakavyofungasha nguo za mama yake.

Hakumwambia mumewe. Angeanzaje? Kila asubuhi Pansok alitoka roshani, akainama mbele ya kofia, akarudi ndani na uso mzito. "Linaendeleaje?" Bunnye aliuliza, roho mkononi. "Vizuri," alijibu. "Vizuri sana." Naye Bunnye akamhurumia, mtu mzima anaisujudia kofia tupu, hajui. Boila haikupandishwa. Wote watatu wakaendelea kula na makoti, kwa heshima ya punje ya pilipili manga.

Mwezi wa pili ulipoisha, wenzake chamani wote walikwisha vua kofia ili maua yapate jua kidogo yafunguke. Pansok alikataa.

"Langu nitalifunulia ukumbini," alisema. "Mbele za watu."

"Ndiyo, ndiyo, subiri tu," Bunnye alisema haraka, na Pansok akamtazama kwa mshangao, kwa kuwa hajawahi kuungwa mkono na mkewe katika jambo lolote la okidi.

Siku ya maonyesho bibi alitaka kwenda. Akavaa hanboki yake ya kijivu, vazi la kienyeji la sikukuu, akakipakata chungu kwenye teksi kutoka nyumbani mpaka mlangoni, na Pansok, ajabu, hakumnyang'anya. Bunnye alikaa katikati yao. Alikuwa amekusudia kusema ukweli wote kabla hawajaondoka. Alikuwa amekusudia hivyo hivyo jana yake, na juzi.

Ukumbi ulikuwa wa wazee wa mtaa, ambao kila mwaka waliuazimisha kwa chama kwa sharti moja: mwisho wa maonyesho mwenyekiti wao apewe nafasi ya kutoa kibao cha heshima mbele ya mtaa mzima, kibao cha mtu aliyewatunza wazazi. Mwaka huu, kwa aibu yao, hawakuwa wamepata mtu. Kibao kilikuwa pale mezani, kimeng'arishwa, mahali pa jina pakiwa wazi.

Maua yalipangwa juu ya vitambaa vyeusi. La Pyo Gilnam lilikuwa la njano, limesimama wima kama mwenyewe.

"Haya, Pansok!" Pyo aliita, watu wakasogea. "Umetuimbia wimbo huu mwaka mzima. Vua kofia tuone huo wekundu!"

"Subiri kwanza. Mwanga wa hapa..."

"Mwanga umefanyaje? Ua lako linaona haya?"

Watu wakacheka. Pansok akanyoosha mkono, akaurudisha. Jasho likamtoka, ukumbini kwenyewe hakuna joto.

Ndipo Bibi wa Damyang akapenya katikati ya wanaume na fimbo yake.

"Jamani, likiwa limeharibika msimlaumu mkwe wangu. Ni mimi. Nililionea huruma. Yeye akitoka mimi nalibeba, nalilaza sakafuni penye moto, nalifunika blanketi. Sikujua kama joto linaua. Nimelima pilipili maisha yangu yote, pilipili inapenda joto."

Pyo mwenyewe akainama, akalivua tumba kofia. Punje nyeusi ikaonekana mbele ya chama kizima.

Bunnye alifumba macho. Sasa ndiyo basi, Taesu atawasha gari. Alisubiri mumewe apasuke. Huyu ni mtu aliyewahi kumnunia mkewe wiki nzima kwa kuvunja jani.

Pansok hakupasuka. Alitazama tumba, akamtazama mama mkwe, akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mama," alisema, "umechoka kusimama. Kaa kitini."

Hayo tu. Akamvutia kiti. Wanaume wazima waliolea okidi miaka na miaka, wanaojua tumba jekundu lina thamani gani, wakapigwa na butwaa. Mmoja akafuta miwani. "Hata neno kali moja!" alinong'ona. "Mimi ningeshalala polisi." Mwenyekiti wa wazee hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alikamata kalamu ya wino, akaandika jina mahali palipokuwa wazi, na kabla chai haijamiminwa Ma Pansok alikuwa amesimama jukwaani na kibao cha mkwe mwema wa mtaa, akipigiwa makofi kuliko Pyo Gilnam na ua lake la njano.

Pyo alimkumbatia. "Umenishinda," alisema, na alisema kwa moyo. Pansok alionekana mtu anayemezeshwa dawa.

Nyumbani, bibi alikwenda kulala kidogo. Bunnye alikiegemeza kibao kando ya jiko la wali, akamgeukia mumewe.

"Baba Yonju, nina neno. Mimi nilijua. Toka mwezi wa kwanza. Nilimkuta mama nalo, nikafunua, nikaona limekufa. Nikanyamaza ili usimfukuze. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuze mimi."

Pansok alikaa chini, koti lake bado mwilini.

"Hakuliua yeye," alisema.

"Nini?"

"Theluji ya kwanza. Mlikwenda hamamu kuoga maji ya moto, wewe na yeye. Redio ikasema mabomba yatapasuka kwa baridi. Mimi nikaingiwa na woga. Nikaliingiza bafuni, nikaliwashia hita ya umeme, nikaenda kusikiliza habari. Nikasinzia." Akajipangusa uso. "Nilipoamka bafu lilikuwa kama kiangazi."

"Theluji ya kwanza!" Bunnye alisema. "Hiyo ni kabla ya mwaka mpya!"

"Ndiyo."

"Na bado ukafungua dirisha? Ukashusha boila? Mama yangu analala na nyonga yake mbovu kwenye sakafu ya barafu, kumbe unalinda maiti?"

"Nilishawaambia wote chamani! Ningesema nini? Ningepandisha boila wewe ungeuliza kwa nini." Akashusha sauti. "Moyo wa baridi. Ni mimi niliyewafundisha neno hilo. Na leo akajitokeza yeye, nikaona mlango umefunguliwa, nikapita. Sikuwaza. Mama Yonju, naona aibu mpaka kwenye mifupa."

Bunnye alitaka kumpiga na mwiko. Alikuwa ameushika kabisa. Hasira ilimpanda ikafika kooni, na pale pale ikageuka kicheko kibaya kisichozuilika, akalazimika kuegemea sinki.

"Utamwambia mwenyewe," alisema alipoweza kusema. "Hawezi kwenda kaburini anadhani ameliua yeye. Utapiga magoti umwambie."

"Nitamwambia."

"Hamna haja," sauti ya bibi ikatoka chumba cha pili. "Kuta hizi ni karatasi, nimewaambia siku nyingi."

Akatokea mlangoni, blanketi mabegani, soksi juu ya soksi. Pansok alikuwa amekwisha piga magoti, paji la uso karibu na sakafu.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyeliua."

"Najua, mkwe wangu. Siku ya kwanza nilipolibeba nilichungulia. Lilikuwa limekauka zamani. Nikakaa nalo hapo sakafuni nikafikiri: kumbe mwenye nyumba naye ana lake anaficha."

"Ulijua?" Bunnye aliuliza. "Na ukaendelea kulifunika blanketi?"

"Ulitaka nifanye nini? Niliogopa, mwanangu." Safari hii bibi hakugeuza uso. "Niliogopa sana kule alikosema Taesu. Nikasema, siku kofia itakapovuliwa huyu atahitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Nikimbebea mzigo wake mbele za watu, atanifukuzaje? Mimi hata nikiitwa mchawi wa maua, inanipunguzia nini?"

Bibi akakitazama kibao kilichoegemea jiko la wali, akasogea akakigusa kwa kidole, akasoma jina la mkwe wake herufi kwa herufi.

"Hiki sikukitarajia," alisema. "Mimi nilitarajia boila tu."

Pansok aliinuka magotini, akaenda roshani, akafunga dirisha. Kisha akapandisha boila mpaka mwisho.