Msemaji wa Swalehe

Timu ya Ruangwa ilipowafunga Karakana, timu ya Nachingwea, mabao sita, tena hapo hapo kwao, mashabiki hawakumlaumu golikipa. Golikipa alikuwa amefanya kazi ya watu watano. Lawama ziliwaangukia mabeki, ambao siku hiyo waliukimbilia mpira wote kwa pamoja kama kuku waliotupiwa mtama, nyuma yao uwanja ukabaki mtupu. Ikaamuliwa atafutwe mwalimu wa mabeki peke yao. Jambo hilo halikuwa limesikika popote kusini, lakini watu wa Nachingwea walikuwa wamekwisha kuona mashine zikipasua pori zima ili zipandwe karanga, na karanga zenyewe wasizione. Mwalimu wa mabeki hakumshangaza mtu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Mikidadi. Mjomba wake wa Lionja alikuwa na mtoto, Swalehe, aliyekuwa fulbeki wa Karakana mpaka goti lilipoharibika. Tangu hapo Swalehe alilima mihogo na ufuta, na kila penye mechi aliomba lifti ya lori aje kusimama nyuma ya goli, kuwapigia kelele watu wasiomsikiliza. Bila mpira alikuwa nusu mtu, na Mikidadi alilijua hilo.

"Nisemee," Swalehe alimwambia. "Mtu hajisemei mwenyewe."

"Nikusemee wewe, mguu wa kuku? Labda nikuuze."

"Nani anunue kitu kwako, kichwa kama boga?"

Hivyo ndivyo walivyokubaliana. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani, na hawa wawili tangu wajue kusema hawakuwahi kuamkiana kwa "hujambo". Adabu ilikuwa ya watu baki. Wao walitukanana, hawakukasirikiana, na hakuna aliyemsifu mwenzake mbele yake.

Mkutano ulikuwa baada ya sala ya Ijumaa, kwenye mabenchi ya muuza kahawa nyuma ya soko. Mwenye uamuzi alikuwa Eustace, fundi wa matrekta aliyekuja na kazi ya karanga kutoka mbali huko bara. Ndiye aliyeianzisha timu. Alikuwa mtu mpole, mwenye haki, asiyecheka ovyo.

Jumaa, shabiki mwenye sauti kuliko wote, alimsemea Kaimu. "Kaimu kapigana Burma. Huyu anajua kulinda."

"Kule walilinda goli?" mtu akauliza.

"Walilinda mto. Mjapani hakupita."

"Basi Mjapani hana winga kama yule wa Ruangwa."

Mwingine akamtaja Teofili wa misheni, ambaye alizijua sheria zote za mpira. Akajibiwa kwamba sheria hazikuwa tatizo. Walizifuata zote, wakafungwa sita.

"Na Swalehe," Eustace akasema, "nani anamsemea?"

Mikidadi akasimama. Maneno alikuwa nayo, ameyapanga toka asubuhi: jinsi Swalehe alivyokuwa akiwapanga wenzake, beki mmoja aende, mmoja abaki, jinsi enzi zake Ruangwa walivyorudi kwao mikono mitupu. Kisha akageuka, akamwona Swalehe mwisho wa benchi, kanzu imepigwa pasi, mikono juu ya magoti, amenuna kwa heshima kama bwana harusi. Ulimi ukamtangulia.

"Mnamwona huyu? Mpira ukija hufumba macho. Goti lile hakuumizwa na mtu, alijikwaa akimkimbia winga. Mkimpa mabeki atawafundisha kupanda miti."

Mabenchi yakacheka. Swalehe naye akacheka, kama ilivyompasa, akajibu, "Kukimbia nilifundishwa na wewe, siku ile ulipomkimbia mbuzi." Kicheko kikazidi. Mikidadi akakaa, ameridhika, akingoja watu watulie ainuke tena aseme yale ya kweli.

Eustace hakucheka. Akamwinamia Jumaa. "Huyu msemaji ni nani wake?"

"Mtoto wa shangazi yake."

"Ndugu wa damu," Eustace akasema. "Na mwenyewe hakukanusha." Utani aliujua, lakini kwao ulikuwa wa kabila na kabila. Mtoto wa shangazi alikuwa ndugu wa heshima, na alilosema mbele za watu lilikuwa limesemwa.

Mikidadi akaruka juu. "Bwana Eustace, ule ulikuwa utani. Hapa hajasimama beki hodari kuliko Swalehe. Naapa."

Watu wakaangua kicheko kuliko mwanzo, maana mtani akikusifu hadharani anakutania mara mbili. Alivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kujipiga mapaja. Safari hii Swalehe hakucheka. Kazi akapewa Kaimu, ambaye tangu kesho yake aliwapanga mabeki mstari mmoja, wakawa wanageuka kulia na kushoto kwa amri, wanapendeza sana.

Baada ya mavuno ya ufuta ikasikika kwamba Ruangwa wamemchukua Swalehe. Wao walimkumbuka vizuri. Walikuwa wamecheza dhidi yake.

Karakana walikwenda Ruangwa kwa lori, na mashabiki wao juu yake. Kule beki mmoja alikwenda, mmoja alibaki, na Karakana goli hawakulisogelea. Mikidadi hakuutazama mpira. Alimtazama Swalehe pembeni mwa uwanja, mkono unaelekeza na watu wanausikiliza, akafurahi, furaha ya kweli kabisa. Filimbi ya mwisho ilipolia alipenya katikati ya watu na tusi lake tayari; alikuwa amelitunga njia nzima.

"We mguu wa kuku, mabeki hawa umewaiba wapi?"

Swalehe akageuka. Akamtazama kidogo, kisha akampa mkono.

"Hujambo, bwana Mikidadi," akasema. "Habari za nyumbani? Shangazi hajambo?"

Mikidadi akaupokea ule mkono.

"Hajambo," akajibu. "Ahsante."