Hakuna Anayeutumia Tena

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepewa ofisi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua, maana kazi yangu haina ofisi, haina mshahara, na mwenye nyumba wangu haamini hata kama ni kazi.

Nieleze kwanza. Kuna programu huria inaitwa Tanuru. Wenye vifaa vidogo vidogo, mizani ya kupimia chai, pampu za maji, taa za barabarani, huitumia kujenga mfumo endeshi wa Linux unaotosha ndani ya kifaa chao. Wanaoiendeleza ni watu wa kujitolea waliotapakaa duniani na hawajuani sura. Mimi, Ambilikile, niko Dodoma, na kusema kweli matumbo ya Tanuru siyajui. Kazi yangu ni kitabu cha maelekezo. Mtu akirekebisha sentensi, naisoma kabla haijaingia, kisha nasema ipite, isipite, au irudi ikaoge.

Juzi likaja badiliko lenye maelezo mafupi: "Ondoa sura ya ubao wa kale. Hakuna anayeutumia tena." Sheria yetu ni kwamba badiliko lisilopingwa mpaka muda wake uishe, linaingia. Ukimya ni ridhaa, na muda wa hili ulikuwa unaisha leo alfajiri.

Sasa ubao huo wa kale, kidude cha kijani, kompyuta nzima inayoenea kiganjani, ndio ulio ndani ya mashine ya kutotolesha vifaranga ya mama mkubwa Tupokigwe kule Tukuyu. Niliijenga mwenyewe kwa kufuata sura ile neno kwa neno, na leo ukiniuliza nilifanyaje utakuwa unampigia mbuzi gitaa. Tangu wiki jana mashine inazimika na kuwaka kwa matakwa yake. Nilimwambia, "Usihofu mama mkubwa, maelekezo yapo, Jumamosi nakuja naijenga upya." Kwa hiyo jana nilikaa niandike pingamizi. Nikaandika "Napinga kwa sababu", nikajilaza kidogo nitafute sababu yenyewe, na usingizi ukanichukua.

Ofisi niliyopewa ilikuwa ndani ya mashine ya mama mkubwa.

Kuna joto zuri. Taa ya njano inaning'inia juu, na mayai yamekaa kwenye trei zao, makubwa kama viti, yananitazama bila macho. Nakaa mezani. Foleni ya mabadiliko inaanzia mlangoni na kupotelea kwenye migomba.

Wa kwanza ni mzee mwenye koti la mvua. Nampa shikamoo, ananijibu marahaba, kisha anasema amekuja kuondoa nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa mstari.

"Iondoe," nasema.

Anaondoa ncha ya benchi ambayo hakuna aliyeikalia, anaiweka mfukoni, anaenda zake. Kazi nyepesi. Najiona nimefika.

Wa pili ni mume na mke walioshikana mikono. Naangalia kanuni ukutani: badiliko moja, jambo moja. Nawaambia waachane, mmoja arudi mwisho wa foleni.

"Tumekuwa pamoja tangu toleo la kwanza," anasema mke.

"Ndiyo maana hamsomeki," nawajibu, na wao wanakubali, wanaagana kwa adabu. Mke anaondoka kuelekea migombani. Nilitaka kumwita arudi, lakini kanuni ni kanuni.

Msimamizi akaingia. Msimamizi wetu ni kile kijiti chembamba kinachopepesa kwenye skrini unapoandika, ila huyu alikuwa mrefu kama mlango. Anaonekana, anatoweka, anaonekana. Huzungumza akiwa anaonekana tu, kwa hiyo kila alichosema kilikuwa na matundu.

"Anayefuata," alisema Kijiti, akatoweka, akarudi, "ni wa sura."

Anayefuata ni kijana nadhifu, amechomekea shati, mkononi ana fyekeo jipya ambalo bado lina kibandiko cha bei. Ananisalimia vizuri. Anasema yeye ndiye badiliko la kuondoa sura ya ubao wa kale.

"Nimekuja kufyeka, kaka. Hakuna anayeutumia tena. Pamezeeka tu pale, panatutia aibu."

Hakusubiri. Akafyeka mstari wa kwanza, na tukawa jikoni kwa mama mkubwa, mvua ya Tukuyu inanyesha, na dirisha halipo.

Mama mkubwa anamenya ndizi. Hashangai kutuona.

"Ambi, ugonile?" ananisalimia kwa lugha ya kwetu.

"Ndaga, mama mkubwa."

"Mbona mvua inaingia?"

"Dirisha limeondolewa."

"Nani kaliondoa?"

"Bado linapitiwa," nasema, na nasikia aibu mpaka masikioni.

Kijana anafyeka mstari mwingine. Figa moja linatoweka na sufuria linalala upande. Mama mkubwa anasogeza jiwe lingine kwa mguu na kuendelea na ndizi zake, kama mtu aliyezoea kupunguziwa. Napiga kelele kuwa napinga.

Kijiti kinaonekana. "Umejibu juu."

"Juu wapi?"

"Jibu huwekwa chini ya mstari unaojibiwa. Soma kanuni."

Ni kweli, ndivyo tunavyoandikiana kwenye Tanuru. Anayejibu juu huonekana hakulelewa. Nikatazama chini. Sentensi yenyewe, "Hakuna anayeutumia tena", ilikuwa imelala kwenye sakafu ya jikoni, nyeusi, ndefu na nzito kama reli. Nikainama, nikajisukuma kwa tumbo, nikaingia chini yake. Ikanilalia kifuani na kwenye mkono wa kulia. Kupumua nikapumua kwa shida.

"Napinga," nilisema kutoka huko chini.

"Sababu iwe ya kiufundi," alisema Kijiti.

"Mama mkubwa ana mayai kwenye mashine."

"Hiyo ni ya kifamilia. Lete mtumiaji." Akatoweka, akarudi. "Mama, wewe unautumia ubao wa kale?"

Mama mkubwa alifikiri kwa haki kabisa. Uongo hajui, hata wa kuokoa nyumba. "Ubao gani, baba? Mimi nina mashine aliyonitengenezea mwanangu. Huko ndani sijawahi kuangalia."

"Iandikwe kuwa hautumii."

Kijana akafyeka mistari miwili kwa mpigo. Paa likaenda, na kiti, na mama mkubwa akawa anamenya ndizi akiwa amesimama mvuani. Akajitanda khanga kichwani. Nilimwita, akanipungia mkono wenye kisu, kwa upole tu, akaniambia nisijali, mvua ni ya kwao.

Hapo ubao wa kale wenyewe ukatoka kwenye mashine ukijikongoja. Sauti yake ilikuwa ya bibi mwenye pumu.

"Mimi niseme," ulisema.

"Wewe si mtumiaji," alisema Kijiti. "Wewe hutumiwa."

"Basi waulizeni wanaonitumia."

Mayai yakasema kwa pamoja, kama wanafunzi wanaomsalimia mkaguzi: "Sisi."

Kijiti kilikaa bila kuonekana kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kikarudi. "Mtumiaji awe hai. Ninyi mko hai?"

Mayai yakanong'onezana. "Bado."

"Mtakuwa hai lini?"

"Tukiachwa."

"Muda wa kupinga unaisha sasa hivi," alisema Kijiti, bila ubaya wowote. Ndicho kilichoniumiza. Kila mtu pale alikuwa mwema, na kazi ilikuwa inakwenda.

"Angalau iwekwe mahali," nililia. "Sura yote iwekwe mahali!"

"Kila kinachofutwa kipo kwenye historia."

"Historia iko wapi?"

"Nyuma yako."

Nikapinda shingo. Nyuma yangu kulikuwa na ghala lisilo na mwisho: madirisha, mafiga, benchi kwa ncha zake, hata yule mke aliyetengwa na mumewe alikuwa amesimama humo, kila kitu mahali pake na hakuna kilichopotea. Lakini humo hamna umeme. Nikatia mkono wa kushoto, nikautoa umepoa kama samaki. Yai huwezi kuliweka humo.

Ubao wa kale ukanisogelea. Ukachukua yai moja kutoka kwenye trei, likawa dogo la kawaida, ukanibandikia kwapani, kwapa la kushoto, kwa kuwa kulia nilikuwa nimelaliwa.

"Usiinue mkono," uliniambia. "Huyu akitoka, atakuwa mtumiaji."

"Anayepinga," akasema Kijiti wakati uleule, "anyooshe mkono."

Mkono wa kulia uko chini ya sentensi. Wa kushoto una yai. Namtazama mama mkubwa, amelowa, anatafuta mahali pa kuweka ndizi na hakuna mahali. Nikiuinua, yai linapasuka. Nisipouinua, nimeridhia. Nawaza kutumia mdomo, nafungua kinywa, na maneno yanatoka vizuri, kwa sauti kubwa:

"Napinga kwa sababu."

Wote wananisubiri. Kijana ameshusha fyekeo. Hata mvua imepunguza.

"Kwa sababu?" anauliza Kijiti.

"Napinga kwa sababu," nasema tena, na tena, na tena. Zaidi ya hapo sina, maana hapo ndipo nilipoishia kabla ya kujilaza. Najua sababu. Imesimama mvuani mbele yangu na kisu cha ndizi. Nalia, machozi yananiingia masikioni, na kinachotoka ni yale maneno matatu tu.

"Sentensi haijakamilika," alisema Kijiti. "Isiyokamilika haihesabiwi."

Kijana akasema, "Pole, kaka. Kazi tu," akafyeka mpaka mwisho. Taa ya njano ikazima. Mayai yakanyamaza moja baada ya jingine, kwanza ya mbali, kisha ya karibu. Ubao wa kale ukajilaza kifudifudi. Mama mkubwa sikumwona tena. Pale aliposimama palibaki maganda ya ndizi, nayo yakaondolewa.

Kisha Kijiti kikaandika hewani, herufi moja moja, kikipepesa: "Imepitiwa na Ambilikile."

"Sikupitisha!" nilisema.

"Ulikuwepo," kikajibu, na safari hii hakikurudi.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kumekucha, jua la Dodoma limeshajaa chumbani. Nikapapasa kwa mkono wa kulia, ambao ulikuwa umekufa ganzi, nikapokea.

"Ambi, ugonile?"

"Ndaga, mama mkubwa."

"Mwanangu, mashine imekufa. Siyo kuzima kwa kawaida, imekufa. Nimeamka nimekuta mayai yote yamepoa." Akapenga kamasi. Mama mkubwa halii kwenye simu, husema simu inaharibika. "Uliniambia maelekezo yapo. Yafungue basi, unisomee nifanye nini. Labda mengine yatapona."

Nikaweka simu kwenye sauti ya juu na kufungua ukurasa wa Tanuru kwa kidole gumba. Ukurasa ulisema ukurasa huu haupo. Nikaenda kwenye mabadiliko yaliyoingia alfajiri. Lile la kuondoa sura lilikuwa la kwanza kabisa, na chini yake, kwenye nafasi ya mpitiaji, kulikuwa na jina langu.

Nikaufungua ukurasa upya, jina likabaki palepale.

"Upo?" aliuliza mama mkubwa. "Halafu kuna jambo nimeshindwa kulielewa. Nimeyatoa yote kwenye trei, moja silioni. Pahali pake papo, penyewe hapana kitu. Mlango wa mashine ulikuwa umefungwa, na panya habebi yai zima akasahau kuacha ganda."

Kompyuta iko mezani, upande wa kushoto. Nilitaka kunyoosha mkono niivute, niandike kwa watu wote wa Tanuru, nikamilishe ile sentensi hata kama haihesabiwi tena. Mkono ulikataa. Ulikuwa umebana mbavu kwa nguvu zake wenyewe, na kwapani palikuwa na kitu laini, cha mviringo.

"Mama mkubwa," nikasema, "hilo moja ninalo mimi."

Hakuniuliza limefikaje Dodoma. Nilisikia mvua ya kwao ikigonga bati.

"Lina joto?"

"Lina joto."

"Basi usiinue mkono, mwanangu," alisema mama mkubwa.