Rangi Iliyokosekana Gongoni

Bangili za Tosha zilipoingia Gongoni, mjini Tabora, Manjula alitangaza mbele ya wateja wawili na fundi cherehani wake kwamba hakijazaliwa kitu cha plastiki cha kumwambia yeye ameshiba.

Alikuwa na miaka sitini na miwili na duka la vitenge na khanga. Babu wa mumewe ndiye aliyelifungua, pale ambapo, kwa maneno ya familia, wapagazi wa misafara walikuwa wakitua mizigo kabla ya kuishika tena njia ya Ujiji. Mji mzima ulimwita Mama Hitesh. Mumewe, Mitesh, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Hitesh mwenyewe alikuwa Dar es Salaam, na mara ya mwisho alipokuja, kwa mazishi, alibandika kikaratasi cha bei kwenye kila kitambaa, akaweka na kibao ukutani: BEI NI MOJA. Biashara ya kisasa, alisema, haina kelele.

Na kweli kelele zilikwisha. Mteja aliingia, akasoma kikaratasi, akalipa kwa simu, akatoka. Wengine walisoma kikaratasi wakatoka tu.

Sasa zikaja hizi bangili. Zililetwa na mtafiti mmoja kijana, Najiat, mwenye miwani mikubwa na heshima nyingi, ambaye mradi wake ulikuwa umeichagua Gongoni kwa majaribio ya miezi sita. Bangili ilikuwa nyepesi kama ganda la karanga. Ilisoma jasho, joto la ngozi, mapigo ya moyo na mitikisiko ya mwili, kisha ikawaka rangi kumwambia aliyeivaa anahitaji nini kwa wakati ule. Njano ilikuwa njaa. Bluu, kiu. Nyeupe, usingizi. Zambarau ilimaanisha unahitaji watu. Ikiwaka kijani, basi umetosheka, endelea na shughuli zako.

Watu mia tatu walivaa, na mambo yakaanza kubadilika kimyakimya. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akimaliza soda nne kwa siku, aligundua kumbe kiu yake yote ilikuwa usingizi. Mume na mke wa mtaa wa nyuma, waliokuwa wakigombana kila jioni hadi majirani wanazima redio ili wasikie vizuri, walitazamana mikono wakakuta wote wawili ni njano. Wakaamua wawe wanakula kwanza, ndipo wagombane. Walipokwisha kula wakakosa la kugombania.

Hayo Manjula aliyasikia na hayakumuudhi. Kilichomuudhi kilitokea dukani kwake, Jumanne moja. Mama mmoja alikuwa amekwisha chagua vitenge viwili, akanyoosha mkono kushika cha tatu, chenye maua ya rangi ya samli. Akautazama mkono wake. Kijani. Akakirudisha kitenge mahali pake taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Asante, Mama Hitesh. Nimetosheka."

Manjula alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye kona. Kisha akageukia barazani, ambako Shaban, fundi wake kwa miaka kumi na mitano sasa, alikuwa akipinda suruali.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Katosheka! Dukani kwangu! Shaban, mbuzi wako yuko wapi?"

Mbuzi wa Shaban alikuwa amefungwa uani, nyuma ya duka, akingojea harusi ya binti wa Shaban. Jina lake lilikuwa Afisa, kwa sababu alikula karatasi na hakuonekana kufanya kazi yoyote. Shaban alipoelezwa mpango, aliweka mkasi chini.

"Mama Hitesh, hii si dhambi?"

"Dhambi ni kumdhulumu mtu. Afisa anadhulumiwa nini? Tunataka tu huyo binti wa miwani aone kwamba kifaa chake kinakubali chochote."

Basi Shaban akaenda ofisi ya mradi, akamwambia karani kwamba ana mjomba wake, mzee Ngollo, hawezi kutembea mpaka pale. Akapewa bangili ya mzee Ngollo. Wakamnyoa Afisa kidogo kwenye mguu wa mbele kwa wembe wa kufumulia nyuzi, wakamvisha. Ikawaka kijani papo hapo, na kijani ikabaki. Alipotafuna, kijani. Aliposinzia, kijani. Alipomwangusha kuku kwenye beseni la maji, kijani inayong'aa.

"Mtazame," alisema Manjula, akicheka mpaka machozi. "Hakuna aliyeridhika kama huyu Tabora nzima."

Siku ya tisa, Najiat akaingia dukani na kompyuta yake ndogo kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu vitenge."

"Asante. Namtafuta mzee Ngollo. Nimeelekezwa hapa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Mama, sijawahi kuona mtu kama huyu. Anatafuna kwa muda wa saa kumi na moja kila siku. Analala vipande vipande. Moyo wake unakwenda mbio kama wa mkimbiaji, na bado hajapungukiwa na kijani hata mara moja. Isipokuwa Ijumaa asubuhi, dakika ishirini."

"Ijumaa alikuja muuza nyama kumwangalia," Shaban akajikuta amesema.

Kutoka uani Afisa akalia, mara moja, kama aliyeitwa jina.

Manjula alijiandaa kwa lawama. Alikuwa hata amechagua maneno ya kujibu, maneno makali, na kwa kweli alikuwa anayangojea kwa hamu. Lakini Najiat alipita hadi uani, akamtazama mbuzi, akaitazama bangili, kisha akakaa juu ya gunia na kucheka hadi miwani ikamwanguka.

"Sitamwambia mtu," alisema alipopata pumzi. "Lakini bangili hii sasa utaivaa wewe, mama. Siku saba tu."

Akaisafisha kwa spiriti, mara mbili, akamvisha Manjula mkononi. Haikumaliza dakika tano. Ikawaka zambarau.

"Imeharibika," alisema Manjula. "Mbuzi kaiharibu."

"Zambarau ni watu, mama."

"Najua zambarau ni nini! Mimi nikose watu? Duka liko barabarani! Watu wananipitia mpaka ndotoni!"

Najiat akaaga kwa adabu, na zambarau ikabaki.

Manjula hakuwa mtu wa kushindwa na kifaa. Jioni ile alimpigia Hitesh simu ya picha. Hitesh alikuwa ndani ya gari, akisema ndiyo mama, ndiyo mama, sawa mama. Zambarau. Kesho yake akaenda hekaluni na wanawake wenzake, wakaimba nyimbo za ibada kwa saa moja na nusu, kila mmoja akimpisha mwenzake kwa upole. Zambarau. Siku ya nne jirani yake Yasmini alimpeleka kwenye sherehe ya maulidi ya bibi yake, akala wali mpaka akafungua kifungo. Kijani ikaja kwa robo saa, na Manjula akaunyanyua mkono ili kila mtu aone. Kisha zambarau ikarudi, mkono ukiwa bado juu.

Siku ya tano hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha Mitesh nyuma ya meza, akavuta mkono wa blauzi kuifunika ile rangi. Shaban alimletea chai bila kuulizwa. Akainywa bila kulalamika kwamba sukari imezidi, na hilo ndilo lililomtia Shaban wasiwasi.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, akaingia Eustadia.

Eustadia alikuwa mkulima wa Ulyankulu, mrefu, mkavu, rozari shingoni. Kwa miaka ishirini alikuwa ameshuka Tabora kila baada ya mavuno kununua vitambaa kwa Manjula, na tangu vikaratasi vibandikwe hakuonekana. Sasa alisimama katikati ya duka na kapu lake, akakinusa kitenge cha bluu kama samaki wa mashaka.

"Wajukuu wangu wanne wanapata kipaimara," alisema. "Nataka washonewe sare. Hiki kikaratasi kinasema nini?"

"Kinasema elfu thelathini na nane kwa doti."

"Sikukiuliza chenyewe. Nakuuliza wewe, Mama Hitesh."

Manjula akafungua mdomo aseme bei ni moja. Badala yake akajisikia anasema, "Na wewe unatoa ngapi?"

"Ishirini."

"Ishirini!" Manjula akainuka kitini. "Shaban, njoo umsikie! Ishirini! Eustadia, unataka nile nini, vibao vya ukutani?"

"Una mwili mzuri tu, nakuona. Mimi ndiye niliyekonda njiani kwenye lile basi lenu."

"Basi langu? Tangu lini nina basi?"

"La mji wenu ni lako. Na kitenge chenyewe kinachuja."

"Kinachuja? Hiki? Shaban, leta maji!"

Maji yakaletwa kwenye beseni. Kitenge hakikuchuja. Eustadia akasema ni kwa sababu maji ni ya baridi. Yakachemshwa. Akasema pindo limekatwa upogo. Likapimwa, likawa sawa, naye akasema basi futi ya Shaban ndiyo iliyopinda. Shaban aliapa kwa marehemu mama yake. Manjula akashuka hadi thelathini na nne, akijipiga kifua. Eustadia akapanda hadi ishirini na tatu, akinung'unika kwa Kirundi, lugha ya wazazi wake, akafunga kapu, akatoka. Akafika barabarani. Manjula akamwacha avuke kabisa, akahesabu moyoni, ndipo akapaza sauti: "Thelathini na moja, na sikuoni tena!" Eustadia akarudi akiwa ameuma midomo asicheke.

Wapita njia walikuwa wamejaa barazani, wengine wakimtetea mmoja, wengine mwingine. Manjula alikuwa anatoka jasho, shungi limemwangukia begani, amesimama juu ya kigoda bila kukumbuka amekipandaje, na anamweleza Eustadia kwamba hata yule aliyekichora kitenge kile angelia kusikia ishirini na sita.

"Mama Hitesh," alisema Shaban.

"Usiniingilie!"

"Mkono wako, mama."

Manjula akatazama. Kijani, kijani kibichi kama majani ya kisamvu.

Akashuka kigodani polepole, akakaa. Miaka thelathini na minne alikuwa amebishana na Mitesh: chumvi ya dengu, sauti ya redio, dirisha lipi lifunguliwe, treni imepiga honi au haikupiga. Asubuhi ya mazishi watu wote walimwambia ndiyo, mama, pole, mama. Na tangu siku ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwambia hapana.

"Unaumwa?" aliuliza Eustadia, sauti imelainika.

"Siumwi. Ishirini na tisa."

"Ishirini na nane, na uniongezee mita ya leso."

"Mwizi wewe," alisema Manjula kwa mapenzi makubwa, akachukua mkasi.

Kesho yake Najiat alikuja na kompyuta, uso umekunjamana.

"Mama, jana kuanzia saa nne mpaka saa sita. Moyo mbio, jasho jingi, joto juu. Kwa vipimo vyetu huo ni ugomvi. Mbona bangili imetoa kijani?"

"Kwa sababu mashine yako haijui kupatana bei."

Akamweleza yote, hata kile kimya kilichobaki mahali pa Mitesh, jambo ambalo hakuwa amelikusudia. Najiat aliandika, akafuta, akaandika tena.

"Tulikosea," alisema mwishowe. "Njaa ya watu tuliiwekea rangi moja. Kumbe kuna anayehitaji wa kumkumbatia, na kuna anayehitaji wa kumpinga."

Baada ya wiki tatu bangili zote za Gongoni zilipata rangi mpya, ya chungwa. Ilishangaza wangapi iliwawakia: mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi wake wa zamani walimkubalia kila kitu, mjane wa stesheni, hata yule mume na mke wa mtaa wa nyuma, ambao sasa, wakiwa wameshiba, walianza kubishana kuhusu mpira na kuifurahia sana kazi hiyo. Wengi wakaelekea dukani kwa Mama Hitesh. Vikaratasi alikwisha vibandua. Kibao cha ukutani alimpa Afisa, aliyekila upande wa herufi.

Hitesh alipiga simu akiwa amekasirika. Mama, hii si biashara, hii ni fujo, watu wanakaa saa nzima wanaondoka na leso moja! Manjula akamjibu. Hitesh akajibu. Walibishana dakika arobaini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu kijana hakusema hata mara moja kwamba yuko barabarani, atapiga baadaye. Jumapili iliyofuata alipiga tena, mwenyewe, na hoja mpya.

Najiat naye alikuja kununua khanga, siku ya mwisho kabla ya kwenda Dodoma kusoma ripoti yake. Akasoma maandishi ya khanga, akauliza bei. Manjula akataja bei ya kutisha.

"Sawa," alisema Najiat, akatoa simu alipe.

"Sawa nini! Msichana, umejifunza nini miezi yote hii? Sema ghali."

"Ni ghali."

"Sema kwa uchungu. Sasa toka nje."

"Niende wapi?"

"Popote. Ondoka kama umekasirika, mimi nitakuita."

Najiat akatoka. Akapita baraza, akampita Shaban, akafika barabarani, akavuka. Alikuwa akienda polepole, masikio yamesimama. Akafika kwenye kona.

Manjula alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mitesh, viganja vimefunika mdomo, mabega yanatikisika.

"Mama Hitesh," alisema Shaban, "hutamwita?"

"Bado. Mwache kwanza afike sokoni."